Hivi Balimi ya Mwanza na Balimi ya Dar ni bia moja kweli? (Na wewe taja yako)

#1 Mtoto wa Tandika
Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa Mwanza kikazi, siku tano. Mimi ni mtu wa Safari miaka yote, chupa kubwa, ya baridi, sina mjadala. Siku ya kwanza nikaingia grosari moja pale Kirumba, naagiza Safari, dada wa kaunta ananiangalia kama nimeagiza maji ya betri. "Kaka, huku tunakunywa Balimi." Nikasema lete. Ikaja na sato wa kukaanga na ugali wa udaga. Jamani, ile bia ilishuka kama imepimwa na koo langu. Siku tano zote nikawa mtu wa Balimi.

Nimerudi Dar, Jumamosi nikazunguka mpaka nikaipata baa moja Mbagala. Fundo la kwanza: siyo. Haikuwa mbaya, ila siyo ile. Nikaita ya pili nikidhani labda mdomo bado una dawa ya meno. Siyo.

Swali: ni bia mbili zenye lebo moja, au mimi ndiye nimebadilika njiani? Na kila mtu ataje bia yake na mahali anapoinywea, tuone kama kuna mwingine yamemkuta. Wa soda mnakaribishwa, mtatushikia funguo za gari.

#2 Ngosha wa Igoma
Maji ya ziwa hayo kijana. Hakuna cha kujadili. Mods fungeni uzi.

#3 Kizibo Kimoja
Ngosha mnajifanya ziwa mmelirithi. Jinja nako ni ziwa hilohilo, wanatengeneza Nile Special pale. Port Bell nako ziwa hilohilo, wanatengeneza Bell. Umewahi kunywa Nile Special ukasema hii ni Balimi? Ile ina asilimia 5.6, ukinyanyuka kwenye kiti ndiyo unajua umekunywa.

Mimi Kilimanjaro, Tabata, chini ya mwembe.

#4 Mwalimu wa Kemia
Salaam. Maji si jambo la kupuuza. Zaidi ya asilimia 90 ya bia ni maji. Bia ya dhahabu tunayokunywa wengi wetu, babu yake alizaliwa mji wa Plzeň mwaka 1842, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba maji ya pale yana chumvi kidogo mno, ni laini. Dublin maji yao ni magumu, ndiyo maana bia nyeusi ilistawi kule, kwa sababu nafaka iliyokaangwa sana ina uchachu unaosawazisha maji ya namna hiyo. Kwa hiyo Ngosha hajakosea kabisa, ila amesema kishabiki.

Mimi Serengeti, moja tu, Ijumaa.

#5 Ngosha wa Igoma
Asante Mwalimu. Kizibo Kimoja njoo uombe radhi.

#6 Fundi Mapipa
Nimefanya kazi kiwanda cha bia miaka saba, sitakitaja, na sikuwa bosi, nilikuwa upande wa kuchachusha. Mwalimu yuko sahihi kwa enzi za babu zao. Siku hizi maji yanayoingia getini siyo yale yanayoingia kwenye sufuria. Yanachujwa, klorini inaondolewa, chumvi zinapimwa, nyingine zinapunguzwa na nyingine zinaongezwa, ili chapa moja itoke sawa popote inapopikwa. Kuna jopo la waonjaji, watu wazima wenye familia zao, wanalipwa kunusa na kuonja bia saa nne asubuhi. Ikitoka tofauti wanaijua kabla yako wewe.

Shida inaanza bia ikishatoka getini. Adui zake ni watatu: hewa, joto na mwanga. Hata chupa iliyofungwa vizuri hubaki na hewa kidogo ndani. Kanuni ya mafundi ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, bia inazeeka kwa kasi mara mbili mpaka tatu. Sasa kama hiyo Balimi yako imetoka Mwanza, mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 za lami. Weka na lori kulala Singida, halafu wiki tatu kwenye stoo ya bati Mbagala. Bia iliyozeeka ina ladha ya boksi lililonyeshewa. Mleta uzi, ulisikia boksi?

#7 Mtoto wa Tandika
Sijawahi kula boksi mkuu, kwa hiyo siwezi kuapa. Ninachokumbuka ni kama imefifia, halafu kuna kiutamu fulani kinabaki mwishoni kama cha ufuta wa zamani.

#8 Kizibo Kimoja
Fundi, ukisema imesafiri kutoka Mwanza basi Ngosha kafa na ziwa lake. Maji ni yaleyale, ya Kirumba na ya Mbagala.

#9 Ngosha wa Igoma
Ziwa likipandishwa lori linachoka. Hata wewe ukisafirishwa juani kilomita 1,100 mkeo hatakutambua.

#10 Dada wa Kaunta
Hahahaha #9 nimecheka kwa sauti, bosi ananiangalia.

Jamani mimi niko nyuma ya kaunta mwaka wa sita, niwaambie ukweli ambao hamtaki. Ladha nusu yake ni glasi. Glasi ikioshwa kwa sabuni isisuuzwe vizuri, au ikifutwa na kitambaa kilichofutia meza ya kitimoto, povu linakufa hapohapo na bia inakuwa kama chai ya jana. Halafu friji. Umeme ukikatika bia inapata joto, ukirudi inapoa, kesho hivyohivyo. Kuna mteja anataka "ya baridi ile ya kuumiza meno", tunaitupia friza, inaganda, tunaiyeyusha, anakunywa anasifia.

Na nyie mnaojua ladha, ikifika chupa ya nne nikikosea nikakuletea nyingine ukashika glasi bila kuangalia lebo, hakuna anayerudisha. Hakuna. Nimeshuhudia.

#11 Mdau wa Uyole
Dada umesema. Ila tatizo kubwa la watu wa Dar ni baridi yenyewe. Mnagandisha ulimi halafu mnauliza ladha iko wapi. Sisi huku Mbeya unaulizwa "ya moto au ya baridi?" na mtu mzima anajibu ya moto bila aibu. Bia ya moto inakuonyesha kila kitu: kimea, uchungu wa yale maua ya hopsi, kila kitu. Mimi Safari ya moto, mbili, nakwenda nyumbani nimenyooka.

#12 Kizibo Kimoja
Bia ya moto ni supu iliyokosa ndimu.

#13 Mdau wa Uyole
Njoo Uyole mwezi wa saba usiku na hiyo yako ya kuumiza meno, halafu turudi hapa tuzungumze. Utaomba na jiko la mkaa.

#14 Mtoto wa Tandika
Subirini kwanza. Uyole umenikumbusha jambo. Pale Kirumba siku ya pili na ya tatu friji lao lilikuwa bovu. Bia zilikuwa kwenye ndoo ya maji, vuguvugu. Na ndizo nilizozipenda zaidi. Hapa Mbagala nilipewa imetoka friza, chupa ina ukungu.

Sijui sasa nilipenda bia au nilipenda joto lake.

#15 Mwalimu wa Kemia
Hoja ya #11 ina msingi. Ubaridi mkali unapunguza uwezo wa ulimi kuhisi utamu na uchungu, na harufu hazipandi puani. Ubaridi unaficha mengi, mabaya na mazuri.

Niongeze na la mwanga ambalo Fundi alilitaja akapita. Jua likipiga bia, kemikali za hopsi zinavunjika na kutoa harufu kama ya kicheche, na haichukui siku, ni dakika tu jua likiwa kali. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe hovyo kabisa. Ukinunua bia ya chupa ya kijani iliyopangwa dirishani, usimlaumu aliyeipika.

#16 Kamwana ka Thika
Wabongo sasa, jirani nimeingia bila kupiga hodi. Huku kwetu kuna kesi kama yenu. Tusker ya Nairobi na Tusker ya Mombasa zote hutoka Ruaraka. Kiwanda kimoja, sufuria moja. Lakini muulize mtu wa Mombasa, atakuapia kwamba ya kwao ni tofauti. Mwingine atakuambia ya chupa na ya mkebe si ndugu. Kwa hivyo mimi nasema ni kichwa tu.

Mimi ni Tusker ya chupa, baridi. White Cap nitaanza nikipata pensheni. Na kwa wasiojua hiyo ndovu kwenye lebo inatoka wapi: mwanzilishi wa kiwanda aliuawa na simba akiwinda, ndugu yake akaweka picha ya mnyama kama ukumbusho.

#17 Fundi Mapipa
Simba na picha ni ya ndovu, mkuu? Walikuwa ndugu wawili, George na Charles Hurst, kiwanda kilianza 1922. George aliuawa na ndovu mwaka 1923 akiwinda. Bia ikaitwa Tusker kwa sababu ya huyo mwenye pembe.

#18 Kamwana ka Thika
Sawa, nimekubali, ni usiku na nimeshika ya tatu. Ndovu.

#19 Kizibo Kimoja
Yaani mnyama amekuua halafu wanamweka kwenye lebo, wewe hata jina lako hakuna anayelijua. Wakenya mna moyo.

#20 Bibi wa Machame
Wajukuu zangu hamjambo. Mnazungumza bia za kizibo kana kwamba pombe ilianza na kizibo.

Sisi Uchagani tuna mbege. Ndizi mbivu zinapikwa, zinakaa siku kadhaa, zinachujwa, halafu unachanganya na uji wa ulezi uliooteshwa, na gome la msesewe la kuipa uchungu. Sasa sikilizeni. Migomba ileile, mfereji uleule wa maji, ulezi wa soko moja, na bado mbege ya mke mkubwa na ya mke mdogo watu wanaijua kwa fundo moja. Ni mkono. Kuna mwanamke alikuwa jirani yetu, akikasirika na mumewe mbege inachacha mapema. Mtasema ni ushirikina. Sisi tulikuwa tunauliza kwanza nyumbani kwake kuna amani, ndiyo tunaenda.

#21 Mtoto wa Tandika
Shikamoo bibi. Kwa hiyo mpishi wa kiwanda cha Mwanza ana amani nyumbani?

#22 Bibi wa Machame
Marahaba. Ana amani huyo. Wa sato ana amani.

#23 Mwalimu wa Kemia
Bibi, shikamoo. Hilo la "mkono" lina maelezo. Hamira ya pombe ya kienyeji inakaa kwenye chombo, kwenye kata, kwenye mwiko, hata kwenye ngozi ya mpishi. Kila nyumba ina hamira yake na bakteria wake. Kiwandani hamira ni moja na inalindwa kama mtoto wa mfalme. La mume sina maelezo.

#24 Mpwani Halisi
Na sisi wa mnazi je? Mnazi hauna lebo, hauna tarehe, na hauhitaji Fundi Mapipa. Asubuhi ni mtamu unampa hata mgonjwa, mchana umeanza kuuma, jioni unakupiga kofi. Ni kinywaji kilekile, mti uleule, kibuyu kilekile. Tofauti ni saa. Kwa hiyo hiyo habari ya bia kubadilika kati ya Mwanza na Dar hainishangazi hata chembe, ninyi ndio mnaamini kwamba kitu kikitiwa kwenye chupa kinaacha kuishi.

Na kuhusu maji, wazee walishamaliza: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ngosha punguza sifa.

#25 Ngosha wa Igoma
😂😂 Hapo nimekaa.

#26 Katanga Moja
Jambo ba ndugu. Mimi niko Lubumbashi, huku kwetu ni Simba tu, na Tembo kama unapenda nzito kidogo. Lakini nilikaa Goma miaka mitatu na swali lenu nililipata pale. Primus. Iko Primus ya Bukavu ya Bralima, iko Primus ya Gisenyi ya Bralirwa, na ukishuka Bujumbura iko ya Brarudi. Jina moja, nyota moja, nchi tatu, bote wakati ule walikuwa watoto wa Heineken. Pale Goma unavuka mpaka kwa miguu, unakunywa ya upande huu saa kumi, ya upande ule saa kumi na moja. Si moja! Watu wa Goma walikuwa wanagombana kwa hiyo kitu kuliko kwa siasa. Mimi nilikuwa nachagua ile yenye chupa kubwa.

#27 Mrundi wa Kigoma
Katanga umesema kweli. Ya Bujumbura ndiyo Primus, hizo nyingine ni binamu. Sentilita 72, na mshikaki wa mbuzi na ndizi ya kuchoma, unaangalia Tanganyika linawaka jioni.

Na kwa Mdau wa Uyole: kwa jirani zetu Rwanda nako mhudumu anakuuliza kabla hujakaa, ikonje au ishyushye, ya baridi au ya moto. Hauko peke yako duniani.

#28 Mdau wa Uyole
Mnaona? Taifa zima.

#29 Fundi Mapipa
Katanga ameleta mfano mzuri kuliko wetu, kwa sababu pale ni viwanda vitatu kweli. Jina likiwa moja na viwanda vitatu, hata nafaka inaweza kutofautiana: mmoja anaongeza mchele, mwingine mahindi, kutegemea kinachopatikana na kodi ya nchi. Angalieni Guinness ya chupa. Zinapopikwa Afrika, Dublin inatuma kiini cheusi kilichokolezwa, kinachanganywa na bia inayopikwa palepale. Nigeria bia hiyo ya palepale hutokana na mtama na mahindi, siyo shayiri. Lebo ileile, kinubi kilekile.

Uganda kuna Eagle, ilitoka 2002, inapikwa kwa mtama wa epuripur wa Serere, na serikali iliipunguzia kodi ili wakulima wauze. Bei ikashuka, watu wakaipenda. Ladha inaanzia shambani na inapita wizara ya fedha.

#30 Mchapakazi wa Soroti
Fundi, na sisi wa Teso kabla ya Eagle tulikuwa na ajono na bado tunayo. Chungu kimoja katikati, mirija mirefu, wazee wamezunguka, maji ya moto yanaongezwa. Hakuna anayesema ya kwangu ina ladha tofauti maana wote mnavuta chungu kimoja. Mambo ya chupa kila mtu na yake ndiyo yanaleta uzi kama huu.

#31 Kizibo Kimoja
Soroti umetuua. Ila mrija mmoja watu wangapi? Mimi naogopa mafua.

#32 Mchapakazi wa Soroti
Kila mtu na mrija wake, wengine wanautunza kwenye mfuko wake kama fimbo ya mkuu. Usimguse mzee mrija wake.

#33 Mzee wa Kiborloni
Vijana mmetaja bia zote mkaisahau Kibo Gold. Ilipikwa hapa Moshi. Watu wa Moshi tulikuwa tunakunywa kama tunalipa mchango wa kanisa. Ile ndiyo ilikuwa bia ya nyumbani, unasikia harufu ya kimea asubuhi ukipita. TBL, hao Tanzania Breweries, walikuja kuharibu kila kitu, waliianzisha wenyewe wakaifunga wenyewe.

#34 Kamwana ka Thika
Mzee shikamoo, hapo nikurekebishe kidogo maana mji wangu ulihusika. Kibo ilikuwa ya upande wa Kenya, East African Breweries. Walikuja Moshi kushindana na TBL iliyokuwa na Wasauzi tangu 1993. Wasauzi nao wakajibu kwa kujenga kiwanda cha Castle kwetu Thika, 1998. Vita vya bia hivyo, bei zilikuwa zinashushwa kila wiki, tulikuwa na raha. Mwaka 2002 wakubwa wakakaa mezani: Castle ya Thika ikafungwa, Kibo ya Moshi ikaenda kwa TBL ikafungwa, kila mmoja akachukua hisa kwa mwenzake. Thika walilia, Moshi walilia. Wanywaji hatukuitwa kwenye kikao.

#35 Mzee wa Kiborloni
Marahaba. Basi nimekuelewa, hasira yangu miaka yote hii ilikuwa inakwenda anwani isiyo sahihi. Nitaigawa nusu kwa nusu.

Lakini Kibo Gold ilikuwa tamu.

#36 Dada wa Kaunta
Mzee, una hakika ilikuwa tamu au ulikuwa na miaka thelathini?

#37 Mzee wa Kiborloni
Binti, vyote viwili.

#38 Wa Ughaibuni
Niko Manchester mwaka wa tisa. #36 amenigusa. Kuna duka la Mhindi huku wanauza Tusker. Mara ya kwanza kuiona niliinunua kama nimeokota ndugu. Nikafika nyumbani, nje mvua ya barafu, nikafungua, nikanywa. Hakuna kitu. Tarehe ilikuwa bado, chupa ya kahawia, stoo ni baridi kama friji, kwa hiyo sababu za Fundi zote hazipo. Kilichokosekana ni jua, kelele za bodaboda na mtu wa kunidai mzunguko wake. Mtoto wa Tandika, uliipenda ile siku, ukaipa bia sifa zake.

#39 Kizibo Kimoja
Na huyo dada wa kaunta wa Kirumba mbona mleta uzi hamtaji tena? Alimtaja kwenye #1 halafu kimya. Hapo ndipo kuna ladha.

#40 Mtoto wa Tandika
Kizibo nina mke humu jukwaani.

#41 Ngosha wa Igoma
Uzi umeanza kunoga sasa.

#42 Mwanakaratu
Natoa hoja mpya kidogo. Sisi huku ndio tunaolima hiyo shayiri, Karatu, Monduli, West Kilimanjaro. Mvua ikinyesha wakati wa kuvuna punje zinachipua shambani, mnunuzi anakataa mzigo. Mwaka wa ukame punje ni nyembamba. Kiwanda kinajitahidi kusawazisha lakini mimi nimekunywa bia ya miaka mingi na nasema kuna miaka mizuri na mibaya, kama mahindi ya kuchoma. Bia yangu Ndovu. Na mtu aliyesema Kilimanjaro, mkuu hongera, ile ndiyo kali kuliko zote za TBL.

#43 Kizibo Kimoja
Kali wapi, Kilimanjaro ni asilimia 4.5, Safari ni 5.5. Soma lebo mkuu. Ndiyo maana naipenda, naweza kukaa chini ya mwembe tangu saa tisa.

#44 Mtoto wa Tandika
Wakuu tuache maneno. Shemeji yangu anatoka Mwanza keshokutwa kwa basi. Nimemwomba apite Kirumba grosari ileile achukue Balimi sita. Mwenye grosari amekubali kumwachia chupa zitoke kwa dhamana ya jina langu, kwamba zitarudi. Fundi, nipe utaratibu, nizionje na za Mbagala.

#45 Fundi Mapipa
Vizuri. Usiweke vikombe viwili ukauliza ipi ya Mwanza, watu watabuni. Weka vitatu: viwili bia moja, kimoja bia nyingine. Muulize tu kipi ni tofauti. Zote ziwe na joto moja, zilale friji moja usiku kucha. Vikombe vya aina moja, visivyo na sabuni (Dada kasema). Anayemimina asiwepo wakati wa kuonja, asije akawachekea. Linganisha na tarehe kwenye lebo. Na mtu asile mishkaki ya pilipili kabla.

#46 Mdau wa Uyole
Na mfanye raundi ya moto pia. Msidhulumu.

#47 Mtoto wa Tandika
Matokeo.

Chupa moja ilivunjika njiani karibu na Singida, shemeji anasema mabegi ya abiria watatu yalikuwa yananukia sherehe mpaka Ubungo. Zikafika tano. Tulikuwa watu watano. Tarehe za Mwanza zilikuwa mbele ya zile za Mbagala kwa wiki saba hivi. Tuliziweka friji moja usiku mzima.

Wawili kati ya watano walitambua kikombe cha tofauti. Mmoja wa hao wawili ni mimi. Mwingine ni baba mkwe, ambaye hanywi, alionja kwa heshima. Raundi ya moto haikufanyika kwa sababu shemeji na jirani walishamaliza chupa zilizobaki wakisubiri zipate joto.

#48 Mwalimu wa Kemia
Vikombe vitatu, mtu akibahatisha tu ana nafasi moja kwa tatu. Watano wakibahatisha, mmoja au wawili watapatia. Kwa hiyo wawili hao hawajathibitisha kitu.

#49 Ngosha wa Igoma
Hawajathibitisha nini wakati mwenye ulimi wake amepatia? Baba mkwe hanywi, ulimi wake haujaharibika, ndiye shahidi bora kuliko wote. Ziwa limeshinda.

#50 Fundi Mapipa
Wiki saba ni nyingi kwa joto la Dar. Kama tofauti ipo, ni umri tu. Ziwa halihusiki.

#51 Kizibo Kimoja
Nani alimimina?

#52 Mtoto wa Tandika
Shemeji.

#53 Kizibo Kimoja
Alikuwepo chumbani?

#54 Mtoto wa Tandika
Alikuwa mlangoni. Alikuwa anacheka kidogo.

#55 Fundi Mapipa
Nimechoka.

#56 Wa Ughaibuni
Na ile uliyoitambua, ilikuwa ndiyo ile ya Kirumba? Namaanisha, uliisikia?

#57 Mtoto wa Tandika
Niliijua ni tofauti. Kuwa ndiyo ile, hapana mkuu. Haikuwa ile.

#58 Bibi wa Machame
Mjukuu njoo Machame, acha kuhangaika na mabasi.

#59 Mwanamke wa Kirumba
Samahani wakuu, nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, mtu kanitumia. Mtoto wa Tandika, chupa ni sita. Hata ile iliyovunjika Singida naihesabu. Zinarudi lini?